Tseikuru Haikuwa Sifuri

Mjini Wote, usiku wa kuamkia safari yako

Mutua, baba yangu,

Nakuita baba kwa sababu jina ulilobeba ni la baba yangu mzazi, na leo nalitaja kwa heshima zote mbili, ya mzee na ya mtoto. Umeshalala. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa kuwa zipu ilikataa, na kesho utapanda basi la Nairobi, kisha ndege, uende kusomea kompyuta kwa watu tusiowajua. Mimi nimechoka. Nimepika tangu alfajiri kwa ajili ya wageni waliokuja kukuombea, na kila mmoja alikupa mawaidha mpaka nikakuona unasinzia umesimama. Kwa hiyo sitakuambia uvae sweta, wala uchague marafiki, wala usiache kanisa. Umeshaambiwa. Ukisahau hayo, haitakuwa kwa sababu hukusikia.

Nataka kukuandikia habari za mwaka ule wa njaa, ulipokuwa kwa Susu wako, mama yangu, kule Tseikuru. Tumeishi nyumba moja miaka yote hii na hatujawahi kuuzungumzia. Ulirudi umekonda na umenyamaza, na mimi nikashukuru tu kwamba umerudi. Sikuuliza. Kila nilipotaka kuuliza nilijiambia, mtoto amesahau, ya nini kumkumbusha. Sasa unaondoka na jambo hilo ndani yako, na naogopa litakaa huko ng'ambo bila mtu wa kulipokea. Tena kuna upande wangu ambao huujui. Nadhani ni haki nianze na wangu.

Wewe unaijua kazi yangu ya zamani kwa juu juu. Unajua nilianza kama msichana wa kutoboa kadi za kulishia kompyuta, tukiwa tumepangwa kwenye chumba kimoja kama kuku wanaotaga, kelele za mashine mpaka unaota nazo. Unajua baadaye nilifundishwa kuandika programu, nikaajiriwa na mradi wa chakula cha msaada, na kwamba ndiyo sababu uliachwa kwa Susu. Baba yako alikuwa bandarini Mombasa, mimi nilikuwa Nairobi, na chumba nilichopanga hakikuwa cha kulelea mtoto. Nilijiambia kwa Susu kuna maziwa na hewa safi. Wakati huo ilikuwa kweli.

Mahindi yalikuwa yakitoka Mombasa kwa lori mpaka ghala la Mtito Andei. Ghalani kulikuwa na kompyuta ndogo, Mwingi nyingine, na kwetu Nairobi kulikuwa na lile jitu la mashine lililojaza chumba. Programu ya Mtito Andei iliandikwa kwa lugha ya C, ya Mwingi kwa Pascal, na yangu kwa Cobol, lugha ya maofisi ya zamani ambayo wewe huicheka. Cheka tu. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya programu hizo ziitane kwa waya wa simu. Lori likishapakiwa, programu ya Mtito Andei iliita kazi, yaani kipande cha programu, iliyokuwa kwenye mashine yangu, ikauliza lori hili liende wapi, ikangoja jibu kana kwamba kazi hiyo ilikuwa ndani ya tumbo lake yenyewe. Ile ya Mwingi iliita kazi nyingine, ya kupokea mahitaji ya kila lokesheni, yaani eneo la chifu mmoja, ya huko kaskazini.

Unajua kwamba lugha hizi hazihifadhi vitu kwa namna moja. Namba ikikaa ndani ya Pascal si kama inavyokaa ndani ya Cobol. Ili ujumbe upite kwenye waya, ilibidi kila kitu kivuliwe nguo za kwao na kupangwa mstari mmoja, herufi nyuma ya herufi, kama mbuzi wanavyopita kwenye josho. Mbele aina ya ujumbe, nyuma yake jina la mahali, nyuma yake idadi ya watu wa kulishwa. Upande wa pili unawapokea na kumrudisha kila mmoja kwenye zizi lake. Tulikaa mezani wiki nyingi kukubaliana kila herufi ikae wapi. Tulijiona wajanja sana. Jambo moja hatukulizungumza kabisa: mahali pa namba pakija patupu, tuelewe nini.

Mara ya kwanza palipokuja patupu, programu yangu ilianguka. Cobol ilijaribu kujumlisha nafasi isiyo na kitu, ikashindwa, na kila kitu kikasimama. Malori yalipanga foleni Mtito Andei, madereva wakawa wanalala chini ya magari, na simu ya bosi haikunyamaza. Bosi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. "Mama, mimi sitaki maelezo," akasema. "Mimi nataka hiyo kitu itembee." Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku kadhaa. Kwenye sehemu inayotafsiri ujumbe nikaongeza mstari mmoja tu: nafasi ikiwa tupu, weka sifuri. Mashine ikatembea, bosi akaninunulia soda, nikaenda nyumbani.

Mwanangu, ule mstari haukuwa na kosa lolote ambalo mashine ingeweza kuliona. Hata leo ukimpa mwalimu wako asahihishe, atakupa alama zote.

Baada ya hapo Kilonzo alinipigia. Huyu ndiye aliyekuwa karani wetu wa Mwingi, kijana mpole aliyepokea habari za lokesheni kwa redio na kuzipiga kwenye kompyuta. Kupiga simu siku zile ilikuwa kupayuka, kila neno mara mbili.

"Madam, hawa watu wa Tseikuru wamekataa kutoa namba. Sasa hapo niweke nini?"

"Wamekataa kwa nini?"

"Hata sijui. Naibu wa chifu anasema wazee hawataki tu. Niweke nini?"

"Acha hivyo hivyo wazi. Mashine itajua."

Nimeyabeba maneno hayo, Mutua. Nikiosha vyombo nayasikia. Mashine itajua nini? Mimi ndiye niliyeiambia cha kujua.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sababu ya wazee niliijua kabla sijajua kusoma. Kwetu watu hawahesabiwi, wala mifugo. Ukitaja idadi ya watoto wako ni kama umeiita mikosi ije ipunguze. Nilipokuwa darasa la kwanza nilirudi nyumbani na maringo ya shule, nikasimama kwenye lango la boma nikaanza kuhesabu mbuzi wakiingia, kwa sauti, kidole juu. Susu wako alinizaba kofi nikameza namba yenyewe. Si kwamba yeye hakujua mbuzi wake. Alisimama pale pale jioni hiyo, akawaangalia mpaka wa mwisho, akasema, "Yule wa sikio lililopasuka hajaingia." Mimi niliyezabwa kofi hilo ndiye niliyekuja kuandika programu iliyowadai watu wa Tseikuru idadi yao, na walipoinyima, ikawaandikia sifuri. Elimu ilikuwa imenifutia mahali nilipozaliwa, nami nilifikiri imeniongezea.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijamwambia mtu, hata baba yako. Nilikuwa na wasiwasi juu yenu. Kila mtu ofisini alikuwa anasema hali ya kaskazini ni mbaya. Ningeweza kupanda gari mpaka Mwingi, nikatafuta lori la ng'ombe, nikafika. Badala yake nilifanya kile nilichoona ni rahisi, kwa kuwa nilikuwa na ufunguo wa ile mashine. Nilibaki baada ya kazi, nikaiita Tseikuru kwenye kioo, nikaona: mahitaji, sifuri. Nikalia kwa furaha. Nikasema wana mifugo, wana maziwa, Mungu amewatunza watu wangu. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Waumini wakapiga makofi, mchungaji akasema haleluya, na wewe ulikuwa huko.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini hawakusema mwenye shibe anaweza kuwa mama mzazi.

Sitahesabu wiki zilizopita. Malori yalipakiwa Mtito Andei, kila moja liliuliza liende wapi, na kila mara mashine yangu ilijibu kwa adabu na kwa haraka, popote palipokuwa na namba. Mwishowe naibu wa chifu wa Tseikuru alidandia lori la mbuzi mpaka Mwingi, akaingia ofisi ya Kilonzo akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kilonzo akanipigia.

"Madam, huyu mzee yuko hapa mbele yangu. Anauliza watu wa Tseikuru wamekosea nani."

"Wamekosea vipi?"

"Anasema lori zinaenda kila mahali, kwao hakuna. Wanafikiri wanaadhibiwa. Madam, anasema huko ni kubaya. Kubaya sana."

Nilikata simu bila kuaga, nikapanda gari mpaka Mwingi, nikamchukua naibu wa chifu tukaelekea Tseikuru. Njiani kutoka Mwingi naibu huyo alinisimulia baraza lilivyokuwa. Alisema alipouliza kila nyumba ina watu wangapi, watu waliangalia chini, mpaka mama mmoja mzee akasimama akasema, "Mwambie huyo anayetaka hesabu, mtoto si mbuzi. Na hata mbuzi hahesabiwi." Wote wakaitikia, kikao kikafungwa. Nikamuuliza mama huyo ni nani, ingawa nilikuwa nimeshaijua sauti. Alikuwa Susu. Alikuwa anakukinga wewe, mjukuu wake, na jicho la huyo mtu wa mbali asiyemjua. Huyo mtu wa mbali alikuwa binti yake.

Nilipofika boma lilikuwa kimya. Ulikuwa umekaa ukutani, magoti yako makubwa kuliko mapaja. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu wa serikali. Nilikukumbatia na hukunikumbatia. Susu alitoka akijishikilia mlangoni, akaniambia, "Karibu, umetembea." Nikamwambia ni mimi, mama, ni mashine yangu, nimewanyima chakula. Nilieleza nikilia, nikichanganya Kikamba na Kizungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sidhani alielewa habari ya mashine. Akasema tu, "Tuko." Nilipomwuliza waliishije alinijibu neno moja, "Tuliishi," akaenda kunitafutia maji ya kunawa. Hata baadaye, mpaka tulipomzika, sikupata kwake zaidi ya neno hilo.

Wewe hukusema hata hilo.

Nilirudi ofisini nikiwa mtu mwingine, mwenye hasira na asiyefaa kuishi naye. Nikaungama mbele ya bosi na mbele ya mtaalamu wa wafadhili. Walinisamehe haraka mno, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kosa. Waliponiuliza tufanye nini, nikasema tuongeze aina mpya ya ujumbe, iwe na maana moja tu, "hawajasema." Isiwe namba. Isije ikajumlishwa na kitu. Ikifika Nairobi, mashine isijibu chochote. Iite mtu, na mtu huyo aende. Mtaalamu akakataa. Akasema nafasi ya namba lazima iwe na thamani, vinginevyo programu zote tatu ziandikwe upya. Nikamwambia ziandikwe. Tulibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwishowe tuliandika upya zote, C na Pascal na Cobol, na ndiyo kazi pekee ya maisha yangu ninayoweza kuisimamia bila aibu.

Hata swali lenyewe tulilibadilisha. Naibu wa chifu ndiye aliyetuonyesha njia. Kila mama alikuja na kunde kwenye kiganja, akazidondosha kwenye kibuyu bila kutamka neno, kunde moja kwa kila mdomo wa nyumbani kwake. Kibuyu kikaenda Mwingi. Kunde zinahesabika, hakuna anayezionea wivu. Kilonzo alizimwaga mezani na kuhesabu, akapiga namba, ujumbe ukapita, lori likaja. Wazee hawakuvunja mwiko na mashine haikukosa chakula chake. Nilicheka siku hiyo, kicheko kibaya, kwa kuwa suluhisho lilikuwa limekaa jikoni kwa mama yangu muda wote.

Unaenda kwenye kazi hii na utaijua kuliko mimi. Utaandika programu zitakazoitana kuvuka bahari, kwa lugha ambazo sitazisikia. Nitakuomba kitu kimoja cha ufundi, halafu niache kujifanya mwalimu. Unapopanga ujumbe, hali ya kutojua ipe nafasi yake na jina lake. Usikubali lugha moja ikutafsirie kimya cha lugha nyingine kwa sababu tu umechoka na bosi amesimama nyuma yako. Utachoka. Bosi atasimama. Kumbuka kwamba mwisho wa waya kuna mtu, na kwamba programu isiyoanguka inaweza kuua vizuri zaidi kuliko inayoanguka.

Lakini usidhani nilijifunza mara moja. Ningekuwa nimejifunza, nisingemfanyia baba yako vile vile. Mwaka uliofuata aliacha kuandika kutoka Mombasa. Hakuna barua, hakuna salamu kwa madereva. Mimi na kiburi changu nikaweka sifuri: hanipendi tena, ana mwingine, basi. Nikanyamaza na mimi. Kumbe alikuwa ameachishwa kazi bandarini, analala kwenye kibaraza cha rafiki yake, anaona aibu kuniambia. Rafiki huyo ndiye aliyekuja kuniambia. Nilimfuata, tukagombana njia nzima kutoka Mombasa mpaka Mtito Andei, tukala hapo maharagwe bila kusemezana, na tulipofika Kibwezi tulikuwa tumeanza kucheka. Sasa anakoroma huko chumbani kana kwamba anasukuma lori. Nampenda, na nilikaribia kumpoteza kwa kujibu mwenyewe swali ambalo sikumwuliza.

Na wewe ndiye niliyekujibia kwa muda mrefu kuliko wote. Ulipokuwa unaficha chapati chini ya mto, nilisema ni utundu. Ulipokuwa unaamka kuangalia kama debe la mahindi lingali limejaa, nilisema ni ndoto. Ulipofika kidato cha kwanza ukaanza kucheka tena, ukapenda ile kompyuta mbovu niliyopewa mradi ulipofungwa, nikasema basi, ameshapona, hakuna kitu pale. Hakuna kitu. Unaona? Ni mstari ule ule. Niliufuta kwenye mashine tatu nikauacha kwa mtoto wangu.

Niliogopa, baba. Huo ndio ukweli. Niliogopa kwamba ukifungua mdomo utaniambia jambo ambalo sitaweza kuishi nalo. Kimya chako kilinifaa. Kilinipa usingizi ambao sikustahili, na bei yake uliilipa wewe, mtoto, peke yako. Naomba msamaha kwa njaa, lakini zaidi naomba msamaha kwa miaka iliyofuata njaa. Hatia ile ya kwanza ilikuwa ya mashine kidogo na yangu kidogo. Hii ya pili ni yangu yote.

Hulazimiki kunijibu. Ukitaka kuniambia kesho kabla ya basi, nitakuwa jikoni, baba yako nitamtuma kwa majirani. Ukitaka kuandika kutoka huko, andika, hata baada ya mwaka, hata kwa vipande. Ukitaka kunikasirikia kwanza, nikasirikie, nitakaa nikusikilize. Na ukinyamaza, sitasema tena kwamba hakuna kitu. Nitajua tu kwamba bado hujasema, na nitaendelea kukungoja nikiwa hai.

Karatasi inaisha na macho yanafunga. Mungu akutangulie kila utakapokanyaga, mwanangu, akupe watu wa kukuuliza hali yako na kungoja jibu. Mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kati yao. Nimechelewa sana, lakini nakuuliza.

Wewe na Susu, mlikuwa mnakula nini?

Mama yako,
Kalondu